Moyo wa Wassila Haukuwa na Ugonjwa

Kwa mara ya tatu mwezi ule, Wassila alikuwa amelala kwenye kitanda cha zahanati mjini Konstantine, waya zimebandikwa kifuani. Daktari aliisoma karatasi ya kipimo.

"Moyo wako mzima kabisa, dada."

"Mzima? Unanidunda kama mchi kinuni, mkono unaingia ganzi, pumzi inakata! Mpaka nife ndiyo mniamini?"

Daktari, mwanamke wa makamo, alivuta kiti akakaa. "Huanza wakati gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Ulianza akikanda mkate. Ulianza akioga. Ah! Kila mara alikuwa amesikia mlango ukifunguka. Mama yake, aliyepotewa na kumbukumbu, alikwishatoroka mara nne. Mara ya mwisho alikutwa darajani, miguu mitupu, akimtafuta mumewe aliyefariki miaka ishirini nyuma.

Alipomweleza daktari hayo, akaulizwa, "Nani anakupokea kumwangalia mama?"

"Anipokee nani? Ni mimi tu. Kaka yangu ana familia yake."

"Hujazua kitu. Hofu huukimbiza moyo kweli kweli. Ukianza tena, kaa, pumua taratibu, uache upige mpaka utulie. Na kaka yako mwite."

Kaka yake, Abdelhak, alikuja nyumbani alasiri na mfuko wa machungwa. "Daktari kasemaje?"

"Moyo mzima."

"Si nilikwambia! Unajitia wasiwasi bure."

Siku nyingine Wassila angefoka. Leo hata nguvu ya kufoka hakuwa nayo.

"Wasiwasi ninao, kaka, na si wa bure. Kila Ijumaa na Jumamosi mama atakaa kwako."

"Lo! Mke wangu atasema nini?"

"Na aseme. Mimi nimechoka."

Abdelhak alimenya chungwa, akamlisha mama yao kipande kwa kipande.  Ijumaa asubuhi alikuja kumchukua mama.

Nyumba ikawa kimya. Wassila alikuwa akipasha supu moyo ulipoanza mbio, bila sababu yoyote. Akazima jiko, akakaa sakafuni, akapumua. Ulipiga, ukapiga, jasho likamtoka, akatamani kukimbilia zahanati. Hakwenda. Baada ya muda mrefu ukapoa. Akainywa ile supu vuguvugu, akajinyoosha kitandani na viatu vyake, akalala hadi jua la alasiri likamfikia usoni. Akajigeuza upande wa pili, akaendelea kulala.