Jina la Mtoto F

Siku ile Jaji Nyamizi Kasubi alisikiliza maombi mawili yaliyokuwa kitu kimoja. Ombi la kwanza lilikuwa la mhariri wa gazeti la mkoa, aliyekuja na wakili na vifungu vya sheria. La pili lilikuwa la mwanamke aliyekuja kwa miguu yake tu. Kijana wa miaka kumi na sita alikwisha kutiwa hatiani kwa kumuua Wande Maganga, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akiuza vocha na kusajili laini za simu mbele ya stendi. Alimchoma kisu mara saba, akachukua simu mbili. Hayo hayakuwa na ubishi tena. Kilichobaki kilikuwa adhabu, na lile ombi: mahakama iondoe zuio, ili jina la mkosaji, ambaye katika jalada zima aliandikwa Mtoto F, lichapishwe.

Hoja za wakili hazikuwa za kipuuzi. Alisema zuio limezaa uvumi. Vijana wawili wa mtaa uleule wamekwisha kutajwa kwa minong'ono, na mmoja ameacha shule, ilhali siku ya tukio hawakuwapo hata mjini. Jaji aliandika hilo na kulipigia mstari, kwa sababu lilikuwa kweli. Kisha akasimama mama wa marehemu, ambaye kila mtu pale alimwita Mama Wande.

"Mheshimiwa, mimi sina vifungu, nina swali," alisema. "Mwanangu wamemwandika majina yake matatu, na picha, na nguo alizovaa, na alivyolala pale chini. Aliyemuua ana herufi. Ninyi mliosoma nielezeni, ni nchi gani hiyo ambayo anayeuawa anavuliwa nguo, halafu anayeua anafunikwa shuka?"

Jaji alisema uamuzi utatolewa kesho saa tatu asubuhi, akainuka, na ukumbi mzima ukainuka naye isipokuwa Mama Wande. Baadaye karani Mihayo alikuja ofisini kumwarifu kwamba yule mama amekaa kwenye benchi la korido na ameapa hatoki mpaka apewe jibu. "Mwache akae," jaji alisema. Ilikuwa saa tisa alasiri. Bati lilikuwa likialika kwa jua na feni ilikuwa ikizungusha joto lilelile. Alifungua jalada ukurasa wa kwanza, akakuta swali la yule mama limemtangulia hapo. Akafungua katikati, likawapo. Akaegemeza paji la uso juu ya mkono wake apumzishe macho kwa dakika mbili, na usingizi ukamchukua akiwa bado na kalamu.

Akajiona anatembea katika uwanda mpana wa udongo mweupe uliopasuka kwa kiangazi, chini ya mbingu isiyo na jua wala wingu, kwenye barabara iliyosakafiwa kwa vibao vya milango. Kila kibao kiliwahi kuwa na jina, na kila jina lilikuwa limekanyagwa mpaka likafutika. Pembeni yake alitembea mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, aliyejifunga kanga zisizo na neno lolote lililoandikwa. Jaji, ambaye hata ndotoni hakuwa mtu wa kutembea na asiyemjua, alimuuliza ni nani.

"Naitwa Insafu," alisema yule mwanamke. "Watu hunitafuta wanapogombana, na wakinipata hunilalamikia wote wawili. Ninakupeleka kwenye Mji wa Waita Majina, kwa kuwa una jina moja mfukoni na hujui pa kuliweka. Nina sharti moja. Usimwamini mtu yeyote humo kwa sababu ya uso wake, hata mimi."

"Sijawahi," alijibu jaji.

Nyumba ya kwanza mjini ilikuwa ya Bi Sitara. Haikuwa na madirisha, na kuta zake zilikuwa nguo tupu, shuka juu ya shuka, laini na safi, zinazonukia udi. Bi Sitara mwenyewe alikuwa mnene, mpole, mwenye mikono ya joto, na alimpokea jaji kama mtu aliyekuwa akimsubiri mwaka mzima. "Njoo, mwanangu," alisema. "Mtoto ni mtoto. Kosa lake ni letu sote. Tumfunike, dunia itasahau, naye atasahau." Akamwonyesha umbo dogo chini ya shuka. Jaji alifunua. Palikuwa na kijana, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeloa mpaka kiwiko. Akafunua shuka ya pili, akakuta mwanamume mwenye kitambi na pete tatu, akijipepea.

"Huyu si mtoto," alisema jaji.

"Ana jamaa zake, watu wazito," alinong'ona Bi Sitara, akiivuta shuka irudi.

"Na huyu?" Alikuwa amefunua ya tatu: mwalimu aliyeshika fimbo iliyovunjika.

"Huyo ana heshima yake. Utamwaibisha mbele ya wakweze?"

"Kumbe humfuniki mtoto, Bi Sitara. Unafunika yeyote aliye karibu na shuka. Na aliyekufa je, amelala wapi humu?" Bi Sitara alitazama huku na huku kana kwamba ameulizwa habari za mgeni. Hakuwapo. Jaji akaangusha shuka ya tatu sakafuni na kutoka bila kuaga, na Insafu, aliyekuwa akingoja mlangoni, hakumsifu wala hakumlaumu.

Katikati ya mji palisimama mnara, na chini yake umati uliojaza uwanja, kila mtu akiwa na jiwe mkononi, wametulia kama watu walio kwenye foleni ya maji. Aliyelinda ngazi ni Bwana Kisasi, na hakuwa na sura ambayo jaji angeitarajia. Alinyoa vizuri, alivaa suti iliyopigwa pasi, na alizungumza kwa sauti ya chini kama daktari anayeleta habari mbaya. Mkewe, Umbeya, alikaa kwenye ngazi ya chini na ungo wa minong'ono mapajani, akiipepeta.

"Karibu, shoga!" alipiga kelele Umbeya. "Kama jina zima linakuwia zito, tupe herufi mbili za mwanzo, tutamalizia wenyewe. Tulikwisha malizia mara mbili mwezi huu."

"Mkakosea mara zote mbili," alisema jaji.

"Ndiyo maana tunakuomba, mheshimiwa," alisema Bwana Kisasi kwa adabu. "Ukitupa la kweli hatutakosea. Si unajali ukweli? Sisemi kwa chuki. Yupo mama kwenye benchi. Panda, litaje mara moja tu, na yule mama atalala usingizi leo."

Hoja hiyo ilikuwa na kichwa na miguu, na jaji hakuwa mtu wa kuikimbia hoja kwa sababu tu haipendi suti ya msemaji. Alimtazama Insafu. "Pima kwa kutenda," alisema Insafu. "Hapa tu ndipo mahali pa kupimia bila kuua mtu." Basi Jaji Nyamizi akapanda ngazi zote tisini, akashika kipaza sauti, akalitaja jina la Mtoto F, lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti aliyozoea kusomea hukumu. Sisi hatutalirudia hapa.

Ikumbukwe kwamba kwao, kama kwa wengi wetu, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu, na mtu akiwa na wana wanne, kila mmoja wao humpa mwanawe jina la baba yao. Basi jina lilipoitwa, aliyeitika kwanza ni babu mwenyewe, aliyekufa miaka ishirini nyuma, fundi wa reli, akatoka na udongo mabegani akiuliza, "Nani ananiita?" na mawe ya kwanza yakamkuta yeye. Kisha akaja mtoto wa miaka tisa kutoka mkoa mwingine, mwana wa ami, daftari mkononi, akisema "Naam, mama," kama alivyofundishwa kuitika, naye mawe yakampata. Nyuma yake akaja mtoto mchanga ambaye hajaacha ziwa, mwenye jina lilelile la babu, amebebwa na mwanamke aliyekuwa akilia kwamba yeye aliolewa tu. Umati haukuwa na makosa. Uliambiwa jina, na kila mmoja wa hawa alikuwa nalo.

Mtoto F mwenyewe alifika mwisho, mawe yakiwa yamekwisha. Hakuwa kijana tena. Alikuwa na miaka arobaini, mvi kidogo, boksi la vifaa vya ufundi begani. Jaji alishuka na kusimama mbele yake, na hakumhurumia.

"Ulimchoma mara ngapi?"

"Saba."

"Kwa nini?"

"Alikataa kuachia simu."

"Umetumikia kifungo chote?"

"Chote, mheshimiwa. Sidai kitu." Akatazama uwanja, mtoto na daftari, babu na udongo wake. "Ila hawa hawakuwapo."

"Hapo angalau mmesema neno moja la kweli hapa mjini," ilisema sauti nyuma yao.

Jaji aligeuka. Chini ya mwavuli wa rangi uliofifia kwa jua, kwenye stuli ya plastiki, amekunja nne, alikaa msichana aliyevaa nguo ambazo jaji alizijua kwa maelezo ya shahidi wa tatu. "Mheshimiwa mzima," alisema Wande Maganga, "unapanda mnarani na kubwata kama mpiga debe! Umepata abiria?"

Jaji aliuliza swali alilodhani linatakiwa. "Umemsamehe?"

"Nani kasema? Usinitie msamaha mdomoni, mimi si kibubu chako. Sijamsamehe na sina haraka."

"Basi unataka atajwe."

"We ni jaji au mbahatishaji? Sikiliza. Wakilichapisha lake, hawatalichapisha peke yake. Watasema fulani, aliyemuua Wande. Akitoka, fulani aliyemuua Wande. Akioa, akifa, fulani aliyemuua Wande. Mtakuwa mmeniozesha kwake, bila mahari, na bila talaka mpaka kiyama. Nilikataa kumpa simu, sembuse jina langu libebwe na lake!"

"Jina lako limekwisha tajwa," alisema jaji, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli.

"Ndiyo. Tangu nife sijaitwa hata mara moja, natajwa tu. Haya, wewe uliyesoma jalada lote. Unanijua?"

"Miaka kumi na tisa. Majeraha saba, matatu kifuani. Fedha mkononi shilingi elfu nne."

"Hayo ni ya kisu," alisema Wande. "Yangu je?"

Jaji Nyamizi alijivunia maishani mwake jambo moja, kwamba hajawahi kuamua shauri bila kusoma kila ukurasa. Sasa alizipitia kichwani kurasa mia tatu na arobaini, moja baada ya nyingine, kwa utulivu na bila kuruka. Alijua namba ya kiatu cha Mtoto F, alama zake za darasa la saba, maradhi ya mama yake, maoni ya ofisa ustawi wa jamii kuhusu ndoto zake za utotoni. Kuhusu Wande hapakuwa na hata mstari mmoja ambao haukuanzia kwenye kisu. Akageuka kwa Insafu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira.

"Ulijua."

"Nilijua kwamba kuna pengo," alisema Insafu. "Yule mama ameliona, akadhani linazibwa kwa jina la mwingine. Mhariri ameliona, akadhani hivyohivyo. Usiwacheke, kiu ni ya kweli hata kama kisima walichoonyeshwa ni kikavu."

"Nenda basi," alisema Wande, akifukuza kwa mkono. "Unanizibia wateja."

Aliamka kalamu ikiwa imechora mstari mrefu kwenye pambizo. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Hakuwa mtu wa kuamini ndoto, na hata sasa hakuiamini. Alifungua jalada na kulikagua, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta mstari mmoja wa kumkanusha yule msichana. Hakuupata. Akamwita karani.

"Andika, Mihayo. Ombi linakataliwa. Jina la Mtoto F halitachapishwa, leo wala atakapotimiza umri wa utu uzima. Aya ya pili: kila alichotenda, tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kitachapishwa chote bila kupunguzwa, na gazeti litapewa nakala. Aya ya tatu: aliyetenda yuko kizuizini tangu siku ya tukio na hajatoka. Kwa hiyo kijana yeyote mnayekutana naye mtaani, siye. Hilo uliandike kwa maneno hayohayo."

Mihayo aliandika, kisha akakohoa kidogo. "Mheshimiwa, kesho watakuja na mabango."

"Waje."

"Watasema umemkumbatia muuaji."

"Watakaosema wasome aya ya pili. Ukurasa wa kwanza acha wazi. Mwite yule mama."

Mama Wande aliingia na hakukaa. Jaji hakumwomba akae, wala hakulainisha sauti.

"Mama, kesho saa tatu nitakataa ulichoomba, na utanichukia. Nakwambia leo ili usilisikie mbele ya watu. Utakata rufaa, karani atakuelekeza, ni haki yako."

"Nitakata," alisema Mama Wande. "Na nitakuchukia."

"Sawa. Lakini hukumu yangu bado haina ukurasa wa kwanza, nami siwezi kuutunga. Sitaki habari za siku ile, ninazo zote. Nataka uniambie Wande alikuwa mtu gani."

Yule mama alimtazama jaji kama mtu anayetafuta mtego ulipofichwa. Bati lilialika. Mihayo aliinua kalamu, akangoja. Hatimaye Mama Wande akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza ya mahakama.

"Alikuwa mbishi," alisema. "Andika hivyo. Tangu kuzaliwa."