Safu ya Wanyama Hai

Jumatatu, baada ya kuyaandika magunia kumi na manane ya mahindi kuwa "nafaka, kavu", Kanji, karani wa forodha ya Malindi, alikwenda zizini kuwaorodhesha mbuzi wa faini. Walitolewa Adu, ambako watu walikataa kutoa vijana wa upagazi, na kesho yake wangepakiwa kwenda Mombasa kulisha askari. Wa sita, beberu mwenye sikio lililochanika, alimsalimu.

"Habari za kazi, karani?"

"Njema, mzee," alijibu Kanji, akamtazama meno kama kanuni ilivyotaka.

Nje ya zizi alisimama Kahonzi, mwanamke aliyetembea siku mbili kumfuata beberu huyo. Alieleza kwamba ni babake, Mzee Karisa, aliyezikwa mwaka juzi akarudi wakati wa palizi. Nyumbani walimtandikia ngozi yake, wakampa sima yake, naye akaendelea kulalamikia chumvi. Askari walimchukua na wengine kwa kuwa wao walihesabu pembe tu.

"Niandikie mtu, karani, nirudi naye."

Kanji alifunua daftari. Kisichomo orodhani huandikwa kwa jina la kile kinachofanana nacho zaidi, ndiyo sheria.

"Usiandike mtu," alisema Mzee Karisa, akitafuna kamba. "Mwanamume wa Adu siku hizi hubebeshwa mizigo ya vita. Magoti yangu hayawezi."

"Na mbuzi wanachinjwa, baba!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimemwamkia karani kwa adabu."

Ilikuwepo njia ya tatu. Mnyama mgonjwa hakupakiwa. Alirudishwa kwa mwenyewe, na hakuna aliyemkagua tena. Neno moja lingetosha. Lakini kwa miaka kumi na miwili Kanji hakuwahi kuandika uongo daftarini, na kwa hilo alijivuna hata mbele ya mkewe, Motiben. Magoti ya uzee si ugonjwa; Mzee alikuwa buheri wa afya. Aliandika: mbuzi dume, mmoja, hai, mzima.

Asubuhi chombo kiliondoka naye. Kahonzi aliikunja ile kamba iliyotafunwa, akamwambia Kanji, "Umeandika sawasawa," akashika njia ya Adu.

Kanji alijuta. Alijuta hadi chakula kikawa makapi mdomoni. Motiben alimwambia maji yakimwagika hayazoleki, naye akajua ni kweli na wala hakupoa. Aliapa kwamba akija mwingine kama Mzee Karisa ataandika mgonjwa, ilimradi mbuzi mwenyewe atamke kuwa anaumwa, ili daftari nalo lisiseme uongo.

Mwezi uliofuata waliletwa mbuzi arobaini. Tisa walimwamkia kwa jina. Kanji aliwapitia mmoja mmoja akiwauliza hali zao, na kila mmoja alimwuliza mara mbili, kwa sauti ya kubembeleza. Lakini walikuwa watu wazima, waliolelewa vyema, nao hawakuwa wa kumtwisha mgeni shida zao katika salamu.

"Njema," walijibu wote tisa. "Hofu kwako."

Akaandika: mbuzi, arobaini, wazima.