Friji la Chumba Namba Nne

Mbwa alimng'ata mjukuu wangu asubuhi bombani, akaning'inia mkononi mwake mpaka watu walipomuua kwa mawe. Tukamwosha mtoto kwa sabuni, nyama ikiwa nje, baba yake akambeba mbio hadi ofisi ya afya, nami nyuma yao.

Pale kila ugonjwa una chumba chake. Namba moja kifua kikuu, mbili malaria, tatu kipindupindu, nne kichaa cha mbwa. Kila chumba na daftari lake, friji lake na ufunguo wake. Namba nne ilikuwa imefungwa.

"Wako semina," akasema bwana wa malaria, kalamu sikioni. "Rudini Jumatatu, bibi."

"Na kichaa nacho kitasubiri Jumatatu?"

"Mimi ni wa mbu, bibi yangu. Mbwa si wangu."

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea, maneno hana. Alimweka binti yake chini taratibu, akampiga bwana wa mbu kichwa cha pua. Damu ikaruka mpaka kwenye chati ya ukutani. Kisha akaugeukia mlango. Teke la tatu, kufuli likang'oka na ubao wake. Walinzi wawili walimkuta ameshafungua friji, wakamshushia virungu. Mkono wake ulilia ko, kama kuni kavu. Chupa ya dawa hakuiachia.

"Mama, shika!"

Nikaishika. Nikamburura mtoto mpaka namba moja.

"Huyu si wangu," muuguzi wa kifua kikuu akaanza. Virungu vilikuwa bado vinasikika. Akautazama mkono wa mtoto, akaenda kutia komeo. "Haya, mshike vizuri."

Akamchoma. Akamwandika kwenye daftari la kifua kikuu, maana ndilo alilokuwa nalo.

Siku ya sindano ya pili, wa namba nne walikuwa wamerudi. Mwanangu alikuwa hospitali, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine kwenye pingu ya kitanda. Bwana wa mbwa akapekua daftari lake.

"Hayumo. Huyu ni wa kifua kikuu."

Mimi watu hunisifu kwa uvumilivu. Nilimkamata ukosi yule bwana, nikamvuta juu ya meza yake mpaka shati likachanika na uso wake ukagonga daftari.

"Mwandike!"

Akaandika, pua inamchuruzika. Akamchoma sindano, na nyingine zote zilizofuata.

Mjukuu wangu mzima. Ila mpaka leo watu wa kifua kikuu huja kugonga, wakidai ametoroka dawa. Namwita atoke, awaonyeshe kovu.