Mwenye Mayai Haguswi

Hoteli ilipofungwa, meneja alitukusanya kwenye ukumbi wa chakula akatushukuru kwa kujituma. Neno hilo silipendi tena, likitajwa redioni nabadili stesheni. Nilikuwa nimekaa mapokezi miaka sita, natabasamu kwa zamu, nakabidhi funguo, nawasimulia wageni habari za bahari ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuikanyaga kupita vifundo vya miguu. Mimi ni mtoto wa Rombo. Kwetu maji yanatoka mlimani, yanapita kwenye mfereji na kwenda yanakoelekezwa. Haya ya kisiwa cha Mafia, yanayokuja na kuondoka yanavyotaka, nilikuwa nayaheshimu kwa mbali.

Kaka yangu Mathias aliposikia, hakunipa hata muda wa kulia. Ana duka la spea za pikipiki Moshi, akasema, Getrude rudi, nafasi ya kaunta ipo. Tukakubaliana nivuke bara kwa boti ya Nyamisati mwisho wa mwezi. Nilimshukuru, nikakata simu, ndipo nikalia. Si kwamba kuuza spea ni kazi mbaya. Nilijiona tu nahama kutoka kaunta kwenda kaunta, mpaka nizeekee upande ule ule wa meza. Lakini pale kisiwani nilikuwa nimeshabisha kila mlango niliojua, na kila mahali nilijibiwa kwa heshima kwamba wataniita.

Aliyechoka kuniona nimejifungia ni Bi Sabra, mama mwenye nyumba wangu pale Utende. Ni mjane mwenye miguu myembamba na mdomo mkali, na amechokoa pweza tangu hajavunja ungo. Asubuhi moja nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha bila kuniangalia akaniambia nitafute viatu vya raba vya zamani. Kwao, kisiwa cha Juani, walikuwa wamefunga mwamba wao kwa miezi ili pweza wakue, na kesho yake, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakipwa sana, ungefunguliwa. Alikuwa ameshaiomba kamati ya kijiji niende naye kama mtu wa nyumbani kwake. Sharti lilikuwa moja, na njia nzima kwenye boti alilirudia mpaka nikakereka: pweza mwenye mayai haguswi.

Tulipofika, bahari ilikuwa imeondoka. Nalisema hilo kana kwamba ni jambo dogo. Yale maji niliyoyazoea kwenye dirisha la mapokezi hayakuwepo, na mahali pake palikuwa na nchi nyingine kabisa, inang'aa, ina mabonde na vidimbwi, majani yake marefu yamelala upande mmoja, na kila upande ilisikika milio midogo ya viumbe vinavyofunga milango kusubiri maji yarudi. Nilitaka kuvua viatu, kama mtu anayeingia mahali pa ibada. Bi Sabra akanionya nisithubutu, chini kuna miiba.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama ufukweni, fimbo mikononi, na hakuna aliyetia mguu. Chakula kilikuwa mbele yao, wazi, nao wanangoja. Mzee wa kamati alisoma dua fupi, akasema bismillahi, ndipo wakashuka bila kukimbia, wakatawanyika mpaka wa mbali wakawa vidoa. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakitaka kitu kimoja kwa adabu kiasi kile.

Bi Sabra alinifundisha kwa kunigombeza. Pweza, alisema, ni mchafu wa mlangoni: ukiona makombe matupu, maganda ya alichokula, yametupwa mbele ya shimo, yumo ndani anakutazama. Yeye aliona mashimo, mimi niliona mawe. Kamba yake kiunoni ilikuwa imeshaning'iniza pweza, na mimi vidole vinavuja damu na fimbo yangu haijagusa kitu. Hasira zikaanza kunipanda. Nikamkumbuka meneja, nikamkumbuka Mathias na kaunta yake, nikaenda peke yangu kwenye kidimbwi kilichofika magotini, nikitafuta chochote cha kurudi nacho nyumbani.

Huko nikaliona shimo lililozibwa kwa mawe kutoka ndani. Niliondoa jiwe moja nikainama. Alikuwemo pweza mkubwa kuliko wote niliowaona siku ile, mweupe kama mgonjwa, ametulia. Nyuma yake, kwenye dari ya shimo, vilining'inia vishada vyeupe, nikadhani ni ukungu kama ule unaoota kwenye friji iliyosahaulika. Nikasukuma fimbo. Mkono mmoja ukatoka ukaishika, haukuvuta, ukaisukuma nje mpaka mlangoni na si zaidi.

Nikainamisha uso mpaka pua ikagusa maji. Kila punje katika vile vishada ilikuwa na vidoti viwili vyeusi. Yalikuwa macho. Maelfu ya macho, hayajazaliwa, na yote yananitazama mimi Getrude.

Hakukuwa na mtu karibu. Sitaficha kwamba nilikaza fimbo. Yule mmoja tu angetosha kuniondolea aibu ya siku nzima, na nani angejua? Lakini yeye alikuwa ameshaniacha. Mkono ulionisukuma ulirudi ndani, ukaanza tena kupapasa mayai, kishada kwa kishada, taratibu, unayasafisha. Alinifukuza kisha akarudi kazini, kama vile mimi na fimbo yangu tulikuwa upepo tu. Nikaitoa fimbo nikamwita Bi Sabra.

Alikuja, akapiga magoti ndani ya maji na nguo zake zote, akachungulia. Akasema subhanallah, kwa sauti ya chini sana. Akanieleza kwamba tangu atage, mama yule hajala kitu na hatakula, kazi yake ni kuyapulizia mayai maji na kuyalinda, na watoto wakitoka naye anakufa. Kwa kuwa macho yalishaonekana, bamvua lijalo lingewakuta wanatoka. Nikamuuliza ameshawaona wangapi maishani mwake.

"Wengi," alisema, macho hayajatoka shimoni. "Na kila mmoja namtazama kama wa kwanza."

Akarudisha jiwe langu mlangoni pale pale lilipokuwa. Nilirudi Utende mikono mitupu, nikalala nikiviona vile vidoti vyeusi. Miaka sita mapokezi, hakuna siku ambayo kazi iliwahi kunifuata kitandani.

Bamvua lililofuata liliangukia siku ya boti yangu. Nilikuwa nimeshafunga mabegi. Bodaboda wa kunipeleka bandarini Kilindoni alipopiga honi, nilitoka na viatu vya raba miguuni, nikamwomba radhi, akageuza akinung'unika. Nikajidanganya kwamba nitavuka kwa boti ya siku nyingine, nikamkimbilia Bi Sabra ambaye alikuwa ameshafika pwani na wala hakushangaa kuniona.

Tukavuka tena Juani mpaka kwenye shimo lile lile. Mawe ya mlangoni yalikuwa yamesukumwa pembeni. Mama alikuwa amekonda, ngozi imelegea. Akapuliza, na kwenye mlango likatoka kama vumbi. Nilipotazama vizuri, kila chembe ilikuwa pweza kamili, mdogo kuliko punje ya mchele, ana mikono yake yote, na anabadilika rangi: kahawia, kisha haonekani, kisha kahawia tena. Wamezaliwa sasa hivi na tayari wanajua. Akapuliza tena na tena, wakapanda kunizunguka magoti, wakaelekea majini kwenye kina, na mimi nikaogopa hata kuhamisha mguu. Nililia. Bi Sabra alinishika kiwiko, naye alikuwa analia, mwanamke yule wa mdomo.

Vishada vilipobaki vitupu, mama alitoka nusu mwili nje ya shimo, kwa mara ya kwanza tangu atage, mikono ikalegea mmoja mmoja. Samaki wadogo wakaanza kusogea. Tuliwaachia.

"Haya, na sisi," Bi Sabra alisema, akajifuta uso kwa kanga. "Mwamba bado uko wazi."

Hatukwenda mbali nikayaona makombe matupu mbele ya shimo, kabla yake yeye. Nikatia fimbo. Aliyekuwemo alikuwa dume lenye hasira, likatoka, likapanda kwenye fimbo, likapanda mkononi mpaka kwenye kiwiko likinifyonza ngozi, nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka kwenye magofu ya Kua, na Bi Sabra akacheka hata akakaa chini majini. Lakini sikuliachia. Ufukweni alimwambia mzee wa kamati kwamba kila bamvua atakuwa anakuja na mimi. Mzee akautazama mkono wangu, akasogea, akaniachia nafasi kwenye foleni ya mizani ya wanaouza.

Jioni Mathias alipiga simu ya video, amefura. Boti ilikuwa imefika bila mimi. Nikamwambia nimepata kazi huku huku. Akauliza nani kaniajiri, na mkataba uko wapi. Nikainua mkono mbele ya simu. Kutoka kifundoni mpaka kwenye kiwiko ulikuwa umejaa alama nyekundu za duara, safu kwa safu. Kaka alisogeza uso karibu, hasira zikamtoka, akauliza kama nimeshakwenda hospitali.

Nikamwambia si ugonjwa, ndio mkataba wenyewe.