Kujaa na Kushiba

“Pamba, mabehewa kumi, yameshiba,” ilisema sauti ndani ya simu, nami nikaandika: kumi, yameshiba. Kalamu haikusita. Niliandika kwa zile herufi za mviringo nilizofundishwa na kaka yangu kwenye meza ya jikoni, huku kichwa kikiniambia wazi kwamba ninachoandika si kweli. Pamba haishibi.

Hapa sina budi kueleza, maana bila neno hilo hakuna kisa. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mgawaji wa mabehewa kwenye reli, katika ofisi ya makutano, chumba chenye madirisha mawili, simu tatu, na ubao mweusi uliochukua ukuta mzima. Sisi watu wa mizigo tulikuwa na maneno mawili ambayo mtu wa nje huyaona ni jambo moja. Behewa limejaa, maana yake ndani hamna nafasi tena. Behewa limeshiba, maana yake limefika uzito wake, tani arobaini, usiongeze hata gunia. Saruji hushiba kabla ya kujaa. Unafungua mlango unaona nusu ya behewa ni hewa tupu, lakini huko chini magurudumu yanalia. Pamba hujaa kabla ya kushiba. Utaisukuma kwa bega, utaikanyaga, mtaufunga mlango watu wanne mkitweta, na ukipima unakuta tani ishirini na mbili tu. Wiki yangu ya kwanza kazini mkuu wangu aliniuliza kipi kizito, behewa la pamba lililojaa au la saruji lililo nusu. Nikajibu harakaharaka, akacheka mpaka akavua miwani.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito wake kwa sababu ya Kifua. Ndivyo madereva wa treni walivyouita ule mlima uliokuwa kati yetu na pwani, kwa kuwa injini zilipokuwa zikiupanda zilipumua kwa shida. Injini moja iliweza kuvuta mzigo wa tani mia sita kupanda Kifua, basi. Ukiipa zaidi, ilisimama katikati na kuziba njia, na njia ilikuwa moja tu, ya kwenda na kurudi. Kwenye karatasi tulikuwa na injini tano. Mbili zilikuwa hai. Tatu zilikuwa karakanani zikisubiri vipuri, na hivyo vipuri navyo, nadhani, vilikuwa mahali fulani vinasubiri behewa.

Msimu ninaousema, kila kitu kiliiva kwa pamoja. Mahindi, pamba, alizeti, vitunguu, vyote vilikuwa vimerundikwa kwenye majukwaa ya stesheni za bara, na wenyewe walikuwa wamerundikana ofisini kwangu. Walikuja wakiwa wapole, wakarudi wakiwa wakali, wakaja tena wakiwa wapole. Mmoja aliniletea picha za watoto wake. Niliwaambia wote neno moja: foleni ni ile iliyo ubaoni, na ubao hauna shemeji. Walinibandika jina la Mama Mabehewa, na sikulichukia.

Katika foleni ile, mwisho kabisa, kulikuwa na mabehewa manne ya vitunguu ya kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na saba. Aliacha shule, akawa utingo wa lori, kisha dereva, na kila alipopita nyumbani alinipigia pasi sare za wiki nzima kabla ya kuondoka tena. Ndivyo alivyoendelea kwa miaka zaidi ya ishirini, kiguu na njia, hata baada ya kuoa. Binti yake wa miaka minne alikuwa akimwita “baba wa gari,” kumtofautisha na baba wa kawaida, sijui, wale wa majirani. Wifi yangu hakuwa mgomvi, lakini alikuwa amechoka. Wakakubaliana: msimu mmoja. Kaka alilima shamba la marehemu baba, akaweka vitunguu. Mnunuzi wa bandarini alimwahidi kwamba mzigo ukiwahi meli ya Jumamosi, atachukua vitunguu vyake kila msimu. Hapo kaka angetundika ufunguo wa lori na kubaki nyumbani. Ukichelewa, hakuna ahadi, na usukani ulikuwa unamsubiri.

Alipokuja kuandikisha mabehewa alikaa kwenye benchi kama mteja yeyote. Zamu yake ilipofika nilimweleza yale maneno mawili, kwa kuwa ilibidi ayajue ajaze fomu. Alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha upande.

“Na vitunguu je, mdogo wangu? Vinajaa au vinashiba?”

“Vyote viwili, karibu kwa pamoja. Ni mzigo wenye adabu.”

Alicheka sana. Akarudia, “Pamba hujaa, saruji hushiba, kitunguu kina adabu,” kama mtu anayekariri jedwali la hesabu, na akatoka bila kuniomba nimsogeze hata nafasi moja. Hakuwa mtu wa kuomba.

Lakini watu wana macho. Siku mbili baadaye nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo nikitafuta chaki, nikamsikia mfanyabiashara mmoja wa mahindi akiongea kwenye korido. “Ubao ule ni wa ukoo,” alisema. “Ukitaka behewa, kaoe kwao.” Watu wakaangua kicheko. Mimi nina kiburi, sifichi. Miaka kumi na miwili nilikuwa sijapokea hata soda ya mtu, halafu mtu mwenye tumbo kama gunia lake anipake matope mchana kweupe. Nilibaki mle stooni na kipande cha chaki mkononi, nikajiapiza kwamba kwa msimu ule sitanyanyua hata kidole kwa ajili ya kaka. Niliona huo ndio usafi.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Ilikuwa stesheni ile ya bara ambako pamba, mahindi na vitunguu vya kaka vilikuwa vimeshapakiwa, na kazi yangu ilikuwa kusema injini ibebe yapi. Karani wa kule alikuwa mpya, wiki ya tatu kazini, kijana mwenye heshima nyingi aliyesema “shikamoo” hata kwa sauti za kwenye redio ya stesheni. Akanisomea orodha. Pamba, mabehewa kumi, yameshiba. Mahindi, matano, yameshiba. Vitunguu, manne, yameshiba.

Mahindi, sawa. Vitunguu, sawa. Ila pamba! Nilielewa palepale kilichotokea. Kijana aliona milango imefungwa kwa taabu, akatumia neno ambalo mtu yeyote wa kawaida angelitumia. Kwake kujaa na kushiba vilikuwa kitu kimoja.

Hesabu hiyo naweza kukufanyia hata leo nikiwa usingizini. Kama pamba imeshiba, kumi mara arobaini ni mia nne, ongeza mahindi mia mbili, tayari mia sita, injini imetosheka, vitunguu vinabaki. Kama pamba imejaa tu, ni mia mbili na ishirini, na mahindi mia mbili, na vitunguu mia moja na sitini. Jumla mia tano na themanini. Wote wanakwenda. Hakuna aliyeonewa, hakuna aliyependelewa.

Ilinipasa kuuliza swali moja. “Pamba imeshiba, mwanangu, au imejaa?” Basi. Lakini kwenye benchi, hatua tatu kutoka mezani, alikuwa amekaa yule mfanyabiashara wa mahindi, mikono kifuani, akinitazama mdomo. Mahindi yake yalikuwa yanakwenda kwa vyovyote. Alikuja kuhakikisha tu. Nikaona jinsi itakavyokuwa: nauliza, kijana anabadilisha neno, nafuta ubao, naandika vitunguu vya kaka yangu, na kicheko cha korido kinakuwa kicheko cha mji mzima.

“Nimepokea,” nikasema. “Peleka pamba na mahindi. Vitunguu vingoje injini ya Alhamisi.”

Nilijitetea moyoni. Karani ndiye aliyesema, si mimi. Mimi nimeandika nilichoambiwa, na karatasi ipo. Tena Alhamisi ni kesho tu, meli ni Jumamosi, kitunguu si maziwa. Yule mfanyabiashara aliinuka, akanipa mkono kwa mara ya kwanza, akasema, “Wewe mama ni mtu wa haki.” Sijawahi kusifiwa vibaya namna ile maishani mwangu.

Alasiri dereva wa treni akapiga simu kutoka kituo cha juu ya mlima. Tulizoeana, alikuwa mtu wa utani. “Mama Mabehewa, leo umenipa treni au umenipa kapu tupu? Nimepanda Kifua huku napiga mluzi. Ungenipa hata wakwe zako wote ningewabeba.” Nilicheka, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tukifanya akipiga simu. Kisha nikaenda msalani, nikafungulia maji na kusimama pale mpaka niliposikia mtu anagonga.

Injini ya Alhamisi haikuja. Ilipasua bomba la breki maili arobaini kabla ya stesheni, na fundi aliifikia Ijumaa jioni. Kwenye barabara malori yote yalikuwa yameshakodiwa na watu wa alizeti. Nilipiga simu huku na huko, safari hii bila kujali nani yuko kwenye benchi, nisipate hata moja. Jumamosi meli iliondoka. Mabehewa manne ya chuma yalikaa juani siku sita, na yalipofunguliwa, vibarua walirudi nyuma wakajifunika pua kwa mashati.

Kaka alikuja kwangu Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akanywa maji glasi mbili. Sikuweza kumtazama usoni, nikamtazama viatu.

“Uzito ulizidi, kaka,” nikamwambia. “Injini isingeweza.”

“Sawa, mdogo wangu,” akasema. “ Ndiyo mizigo.” Akaniuliza kama paa langu bado linavuja, akapanda juu akalitazama, akasogeza bati moja. Jumatatu alirudi kwenye lori, safari za mbali kuliko zile za mwanzo. Wifi yangu alivumilia mwaka mmoja na nusu, kisha akarudi kwao na mtoto. Hakuna aliyemlaumu.

Mimi niliendelea na kazi miaka kumi na tisa zaidi. Nilipata cheti cha uadilifu, kikatiwa fremu. Makarani wapya wote niliwafundisha yale maneno mawili kwa ukali uliowashangaza, na aliyesema “yameshiba” nilimuuliza mara mbili, hata kama ni saruji. Waliona nimezeeka vibaya.

Nilipostaafu ndipo nilipokwenda kumwambia. Kaka alikuwa ameshaacha lori, mgongo umekataa, akiishi chumba cha uani kwa binti yake, yule yule wa “baba wa gari,” ambaye sasa ni muuguzi. Alimchukua babaye bila maneno mengi. Walikuwa na heshima kati yao, mazungumzo kidogo. Walitumiana vitu kwa kuviweka mezani. Niliwatazama wakila asubuhi ile, nikaona watu wawili wanaojifunza kitu ambacho wangekuwa wamekwisha kukijua.

Binti alipokwenda kuvaa nguo za kazi, nilimweleza kaka yote. Simu, karani, neno, benchi, mkono wa yule mfanyabiashara. Sikujipamba. Nilimwambia nilijua, palepale nilijua, na kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Nilikuwa na hotuba ndefu zaidi lakini niliishia hapo.

Kaka alikuwa akikunja gazeti. Akalikunja tena, dogo zaidi.

“Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Nilikuwepo. Nilisimama kando ya yule kijana akisoma orodha. Nikamsikia anasema pamba imeshiba.” Alitabasamu kidogo, si kwangu, labda kwa kijana. “Nikanyoosha mkono nimguse bega, nimwambie, wewe, pamba hujaa. Mkono ulikuwa hewani kabisa. Halafu nikajiambia, ya nini kumwaibisha mtoto wa watu kazini kwake? Anayepokea simu upande wa pili ni mdogo wangu.”

Akaliweka gazeti mezani.

“Basi nikatoka nje,” akasema kaka, “nikawaambia vibarua wafunge makufuli, tunaondoka leo.”