Moyo Uliotulia

Saa ya kupimia mapigo ya moyo ililia alipofika ghorofa ya nne na ndoo mbili za maji. Bi Ndoo, kama walivyomtania wafagizi wenzake, akaketi kwenye ngazi akihema. Kliniki ilimwonya alipovishwa: mapigo yakipita mia na kumi, pumzika. Maskini, na bado ghorofa nane! Lifti ilikuwepo, tena inang'aa, lakini ya wenye ofisi. Mfagizi na ndoo zake, ngazi hizo hapo.

"Umekaa tena?" msimamizi alimsimamia kichwani. "Kazi imekushinda, sema tu. Wanaoitaka wamejaa getini."

"Ni moyo, bosi. Saa ndiyo inasema."

"Saa ndiyo inakulipa mshahara?"

Kliniki nako moto uleule. Muuguzi alitazama mistari myekundu kwenye kompyuta, akaguna. "Dada, nani kakwambia ufanye mazoezi makali hivi?"

"Si mazoezi, sista. Ni kazi."

"Mashine haijui kazi. Mwezi ujao ikiwa hivi, tunakutoa kwenye mpango. Dawa za bure wapewe wanaosikia."

Angefanyaje? Aache kazi, wale nini. Aache dawa, afe. Kesho yake akamvisha mama yake saa ile. Bibi wa watu akafurahi, akadhani zawadi. Akawa anashinda nayo kibarazani akichambua mchele, jioni anajikokota hadi kwa jirani na kurudi. Bi Ndoo alipanda ngazi zake bila kupigiwa kelele, ila na kifua chake.

Mwezi ulipoisha daktari mwenyewe alimpokea kwa kicheko. Hakuna hata mstari mwekundu mmoja! Akampa mkono wa hongera, kisha kwa mkono uleule akafuta dawa moja, ya pili akaipunguza nusu. "Moyo huu hauhitaji yote haya, mama. Wapo wanaokufa wakizisubiri."

Bi Ndoo alifungua mdomo. Akisema kweli, anatolewa. Akaufunga. Machozi yakamlengalenga, na daktari akadhani ni furaha.

Akamtoa hadi ukumbini, walikoketi wagonjwa wengine, kila mmoja na saa yake: mbeba mizigo, mfua nguo, mponda kokoto. "Waambie wenzako umefanyaje."

Mponda kokoto, midomo imemwiva rangi ya wino, aliinua mkono. "Tuambie, dada yangu. Mimi yangu haiachi kulia."

Bi Ndoo alimtazama, akamtazama daktari.

"Ikilia," alisema, "unapumzika."

Daktari akapiga makofi, peke yake.