Miguu Darini

Kwaa. Kimya kidogo, halafu kwaa tena, kama mtu anayevunja sahani mojamoja kwa makusudi. Kipa alifumbua macho. Chokaa ilimdondokea puani, na nyayo mbili za mtu zikatokeza darini, juu ya kitanda chake.

Wenzake wawili wa chumbani walizitazama, wakarudi kwenye simu zao. Kufikia jioni mmoja alikuwa ameanika taulo kwenye kidole gumba cha mguu mmoja.

"Litanuka miguu," alisema mwenzake.

"Halitaona tofauti."

Kipa, aliyedakia timu ya chuo, alipanda ghorofani kumtafuta mwenye miguu. Alimkuta Mrefu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, amezama sakafuni hadi magotini, vigae vimepasuka kumzunguka. Waliolala naye chumba kimoja walimpisha kwa heshima. Hata ufagio waliupitisha polepole wasimsumbue.

"Ulianza lini kuzama?"

"Walipofunga ukumbi."

Ukumbi wa mapumziko ulikuwa na mabenchi, meza ya drafti na kelele. Chuo kiliufunga ili kupata nafasi ya Ofisi ya Ustawi wa Wanafunzi. Ofisi ikahitaji utulivu, kwa hiyo maongezi ya kwenye korido nayo yakapigwa marufuku. Watu wakawa wanapishana tu: "Mambo?" na miguu haisimami. Mrefu alitoka kwa watu wanaosalimiana mpaka mbuzi wanaulizwa hali. Kila alipoulizwa alifungua kinywa, na kila mara alijibu mgongo wa aliyekwisha kupita. Kila mgongo ulimshusha kidogo.

Kipa alichuchumaa. "Habari za tangu asubuhi?" Akasubiri.

Mrefu alilitafuta jibu kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. "Nzuri kiasi. Sijala."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza nimepata marafiki wangapi. Namwambia chuo kizima."

Kigae kililia. Mrefu alipanda upana wa kidole. Kipa alimletea chakula, wakala, wakabishana kuhusu penalti iliyopita katikati ya miguu ya Kipa, na magoti ya Mrefu yakaonekana.

Kesho yake alikuja Mshauri wa wanafunzi.

"Shikamoo," alisema Kipa.

"Marahaba," alijibu Mshauri, macho yakiwa kwenye saa. Akamgeukia Mrefu. "Mwanangu, upweke ni uamuzi. Jifunze kujichanganya na wenzako."

"Nijichanganye wapi?"

Mshauri alibandika bango ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Mrefu: HUKO PEKE YAKO. Kisha akamwuliza Kipa chumba chake ni kipi.

"Cha hapa chini yake."

"Basi nenda ukakae huko. Mnakusanyika bila kibali."

"Na yule wa mwaka jana?" aliuliza Kipa.

Mshauri alinyoosha kona ya bango. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alizama katika chumba cha chini kabisa, na chini ya chumba hicho hakukuwa na dari ya mtu. Kulikuwa na udongo. Wazazi waliambiwa aliacha masomo. Chuo kilileta fundi, akapachika kigae cheupe katikati ya vigae vyekundu, na muhula uliofuata kitanda kikapewa mwingine.

"Suala hilo lilishafungwa," alisema Mshauri.

"Kwa saruji," alisema Kipa.

Mchana huohuo mlinzi aliwekwa kwenye ngazi. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Kipa, "Kaka, mimi nimetumwa tu," akanyoosha mkono kuziba njia. Ukumbini, viti vipya vya Ofisi ya Ustawi vilikuwa bado na nailoni, na mlango ulikuwa na kufuli.

Jioni magoti yakatokeza darini, halafu mapaja. Chini ya chumba cha Kipa kulikuwa na chumba kimoja tu, kisha udongo. Wenzake walisogeza vitanda vyao ili wasiangukiwe. Mwenye taulo alilianua.

Kipa alisimama juu ya kitanda, akaweka nyayo za Mrefu mabegani, akakaza shingo. Zilikuwa baridi.

"Mrefu! Habari za jioni?"

Ilichukua muda sauti kupenya zege. "Nazama, ndugu yangu."

"Nimesikia. Sasa nisikilize na wewe. Asubuhi nitakuuliza umelalaje, na sishuki hapa mpaka unijibu. Wakinitoa chumbani nitakuulizia uwanjani. Wakinifukuza chuo nitasimama nje ya uzio, nikuulizie kwa sauti mpaka Mshauri ashindwe kusikia saa yake. Nakuahidi."